Viatu Vilivyobaki Kasrini

Ulaya naijua kama sebule yangu, muulizeni yeyote hapa mjini kwetu Ibra. Lakini haya ya juzi, kwenye ofisi ya safari, yalikuwa mapya kwangu. Mbele yangu bwana mmoja alitaka tiketi za kurudi kwenye mji wa kale wa Ulaya waliokwenda na mkewe mwaka jana. Mke mwenyewe kasimama ubavuni pake, amekunja mikono kifuani.

"Siendi!"

"Kwa ajili ya viatu tu?" bwana akacheka.

Mke akamgeukia binti wa kaunta. "Mwanangu, tumefika kasri la mfalme, zulia jekundu mpaka ndani. Nikavua viatu mlangoni, kama mtu aliyelelewa. Kumbe wenzetu wanaingilia mbele, wanatokea nyuma, na mbele washafunga. Khalas! Mnara, daraja la mawe, vyote nimevitembelea kwa soksi."

"Na picha zimetoka nzuri, wallahi," bwana akasema.

Binti akajikaza asicheke. "Mama, kuna mji mwengine, una ngome juu ya mlima."

Mke akakunjua mikono. "Ngome hiyo, wanatokea mlango ule ule?"

Mimi mjuzi nilitaka kumjibu, lakini macho yalinikimbilia mlangoni. Ofisi ile ina zulia jipya, na nje yamepangwa makubadhi yangu peke yake.