Ninachokosa Hapa ni Kima

Mama mkwe wangu alifundisha Kiswahili katika shule ya msingi mpaka alipostaafu, na hadi leo hakiachi. Sisi wengine huku tunaongea kile chetu cha kubahatisha, l ikigombana na r. Yeye akipiga simu kutoka Ndalu, mimi hukaa wima kama niliyeitwa mbele ya darasa.

Mwaka ule shida yake ilikuwa mfutu. Ni mti mkubwa uliokuwa pembeni mwa boma lake, wenye matunda meusi matamu yanayopaka meno rangi. Kitovu cha mume wangu kilizikwa chini yake. Sasa mchwa walikuwa wameingia shinani, na Mama alitaka jambo moja tu: mti uache watoto kabla haujaanguka. Mimi nauza miche mbele ya nyumba yangu Tuwan, Kitale, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Nilipanda mbegu alizonitumia, nikazimwagilia, hata nikaziombea. Hazikuota.

"Hata huku zimejaa chini ya mti na hakuna inayoota," aliniambia kwenye simu. "Ninachokosa hapa ni kima, mwanangu. Kima tu."

Nilimhurumia. Nilijua magego yake yalikuwa yameng'oka. Jumamosi nikapitia buchari, nikasimamia nyama isagwe laini kabisa, nikaenda nayo Ndalu.

"Mama, kima ndiyo hii."

Alifungua mfuko, akachungulia, akanitazama. Halafu akaketi kwenye stuli ya jikoni akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

"Mwanangu, nilisema kima. Mnyama. Mwenye mkia."

"Si ungesema tumbili, Mama."

"Tumbili ni tumbili, kima ni kima."

Tulikula ile nyama kwa ugali, naye hakuibakisha. Akanieleza kwamba zamani msitu ulifuata mto hadi kwenye mfutu. Kima wenye ndevu nyeupe walipita humo humo mitini, wakajaza matunda mashavuni, wakaenda kula mbali na kutema mbegu njiani. Ndivyo mifutu ilivyosambaa. Kisha watu wakalima mahindi hadi ukingoni mwa maji, yeye mwenyewe akiwemo. Msitu ukabaki kipande huku, kipande kule. Kima ni waoga, hawakatizi shamba tupu lenye mbwa. Wakabaki kipande cha juu, na mfutu ukawa unadondosha mbegu miguuni pake ili zitobolewe na wadudu.

"Basi tuwapelekee," nikasema. Subira sikuzaliwa nayo.

Tulibeba beseni la matunda hadi kwenye kile kipande cha juu, tukaliacha chini ya miti. Tuliporudi kesho yake lilikuwa tupu, na mbegu zimetapakaa majanini, zimemenywa safi. Sijawahi kufurahia mate ya mwingine namna ile. Nikazipanda Tuwan, na mvua zilipokolea, mche mmoja ukachomoza. Nililia, sisemi uongo.

Tuliupanda Ndalu, mbali kidogo na mamaye. Lakini Mama hakutosheka. Beseni si njia, alisema. Alitaka kima waje wenyewe. Nikampelekea miche ya mapera na lusiola, ambayo hukua haraka, tuipande kando ya mto kuanzia kipande cha juu hadi bomani. Jirani aliyelima katikati akakataa, ati kima watamaliza mahindi yake. Mama alikuwa amemfundisha darasa la nne. Alimkazia macho tu, na jirani akaenda kuchukua jembe.

Miaka ikapita, mipera ikaanza kuzaa. Mfutu ulikuwa umebakiza tawi moja lenye uhai. Asubuhi moja simu ikalia.

"Mwanangu, kima amefika." Alikuwa akinong'ona. "Yuko kwenye lile tawi. Mashavu yamejaa."

Nilisimama katikati ya miche yangu na kopo la maji mkononi. "Ameondoka na mbegu?"

"Anaondoka nazo sasa hivi. Anapita kwenye mipera."

Mfutu ulianguka msimu uliofuata. Mama alinipigia niende nichukue kuni, na sauti yake haikuwa na huzuni.

"Ukija," akasema, "niletee kima."

Safari hii nikauliza. "Kima gani, Mama?"

"Ile ya buchari. Yule mwingine ninaye."