Msemaji wa Jumapili ya Tatu

Kamati ya ibada ya ushirika mmoja wa Sydney, usiomlazimisha mtu imani yoyote, ilitangaza kwamba programu za Jumapili za Agosti 2021 zimekamilika, na kwamba wasemaji wote wamethibitisha kuhudhuria kwa Zoom, kwani jiji lilikuwa limefungwa kwa sababu ya korona. Aliyeliandika tangazo hilo alikuwa Elieshi, nesi wa wazee anayeishi Seven Hills, na hakuliamini hata alipokuwa akiliandika.

Alijiunga na ushirika kwa sababu pale maswali yaliruhusiwa. Hakujua kwamba anayeuliza swali la pili huingizwa kwenye kamati. Alipigania miaka mitatu mpaka Jumapili ya tatu ya kila mwezi ikawa ya wasemaji wa Kiafrika. Sasa mwenyekiti alikuwa amesema, kwa upole wote, kwamba msemaji akikosekana tena, Jumapili hiyo itapewa kikundi cha kutafakari kimyakimya, ambacho hakihitaji msemaji.

Juni msemaji alikubali kwa furaha, asionekane. Julai vilevile. Elieshi alijaribu kumweleza mwenyekiti kwamba kwa watu wa kwetu kumkatalia mtu usoni ni utovu wa adabu: unakubali, halafu huji.

"Lakini alisema ndiyo," mwenyekiti alisema.

"Ndiyo. Ndivyo tunavyokataa."

Agosti ilikuwa zamu ya Kinuthia, mhadhiri wa Macquarie Fields, mwenye mada "Ujasiri wa Kusema Ukweli".

"Dada, hiyo ni poa sana," alisema kwenye simu. "Tuko pamoja."

"Tuko pamoja maana yake unakuja, kaka, au haji mtu?"

"Aki dada, si nimesema tuko pamoja?"

Mkewe, Kawira, aliongoza kwaya ya kanisa lao la kilokole. Huko, mume kuonekana akihutubia watu wasio na uhakika kama Mungu yupo lingekuwa jambo la kuombewa hadharani. Elieshi alilijua hilo. Alipopiga Alhamisi, Kawira alijibu kwamba mume yuko bafuni. Ijumaa alikuwa bafuni. Jumamosi pia.

"Huyo mtu atatakata," Elieshi alisema.

"Nitamwambia ulipiga, dada," Kawira akajibu.

Jumapili wimbo wa kwanza uliisha. Kinuthia hakutokea.

"Basi tuanze na ukimya?" mwenyekiti aliuliza.

Elieshi alijua ukimya huo ukianza hautaisha. Akawasha kipaza sauti, angali na sare ya kazini, na kwa hasira akaichukua mada ya mwenzake.

"Wazee ninaowahudumia huniuliza watoto wao wataruhusiwa kuingia lini," alisema. "Huwa nawaambia, hivi karibuni. Sijui chochote. Naogopa tu kuwaangalia usoni. Jana bibi mmoja aliniambia, mwanangu, sema hujui, nipumzike kukaa nimevaa viatu nikiwasubiri. Nikamwambia sijui. Akavua viatu, akaomba chai."

Aliongea hivyo mpaka muda ukaisha. Mwenyekiti alisafisha koo, akasema Septemba, Jumapili ya tatu ibaki ilivyo.

Elieshi alikuwa akitafuta kitufe cha kutoka ujumbe ulipoingia kwenye simu yake: "Dada umeongea mpaka nikaguswa. Siku ingine nialike. Tuko pamoja."

Akarudisha macho kwenye skrini. Katika safu ya chini palikuwa na kisanduku cheusi, kamera imezimwa, kimeandikwa "Simu ya Kawira". Msemaji alikuwa amehudhuria tangu wimbo wa kwanza.