Dume la Merran Lishibalo Mwani

"Shemeji, dume lako la kondoo utalichinja lini? Au unangoja hata paka walionee huruma?"

Merran Swanney aliacha kupanga mawe ya ukuta uliowazuia kondoo ufukweni, akamgeukia Rolland, mdogo wa marehemu mumewe.

"Halichinjwi."

"Linachinjwa. Nimeleta dume la maana kutoka mnadani Kirkwall. Kondoo wote kisiwani watanenepa kama wewe."

"Na huku ufukweni litakula nini? Sifa zako?"

"Mwani. Litajifunza. Wako si walijifunza?"

Merran alicheka hadi jiwe likamponyoka. Alizaliwa ubavuni mwa ukuta ule, akauziba kila dhoruba ilipoubomoa, akamzikia mume papo hapo kisiwani North Ronaldsay. Kundi aliloachiwa lilibakiwa na dume hilo moja. Likichinjwa, uzao wake umekwisha.

"Nani alijifunza? Wazee walipowafungia kondoo nje ili majani yabaki ya ng'ombe, wengi walikufa. Wachache walizaliwa na matumbo ya kuuweza mwani. Hao ndio waliobaki kuzaa. Na katika watoto wao, wenye matumbo dhaifu wakafa tena, wenye nguvu wakazaa tena. Hivyo hivyo, kizazi kwa kizazi. Lako litayamaliza hayo kabla ya Krismasi?"

"Basi yote mawili yakae huku baridi nzima. Litakaloshindwa, kisu."

"Kisu, shemeji. Usije ukalia."

Baridi hiyo upepo ulimnyoa mchungaji wa kanisa ndevu za upande mmoja, na samaki walibisha hodi wakiomba kuota moto. Maji yakipwa, hata usiku wa manane, dume la Merran lilishuka miambani, likavuta mwani huku mawimbi yakilipiga kifuani. La Rolland lilinusa mwani, likapiga chafya, likaegemea ukuta na kuyalilia majani ya upande wa pili. Mbavu zikaanza kuonekana. Mwishowe Rolland alilibeba mabegani kama bibi harusi, akalilaza jikoni kwake, akawa analilisha shayiri kwa kijiko.

"Na kisu?" Merran alimpigia kelele kutoka ukutani.

"Kimepotea!"

"Kitafute taratibu, shemeji. Langu halina haraka, linakula!"

Msimu wa kupandisha kondoo ulipofika, habari ilikuwa imezunguka kisiwa kizima. Merran alikaa jikoni na jirani yake Jessa, chai mezani na mkate wa shayiri, kifua mbele kama aliyeteka mji.

"Hebu nionyeshe tena alivyolibeba," Jessa aliomba.

Merran akajitwika mto mabegani, akakunja magoti, akayumba akihema. "Jikaze, mpenzi wangu, kijiko kinakuja—"

Mlango ukafunguka. Rolland alisimama kizingitini, kofia mkononi, na nyuma yake majike yake yote yakisukumana kuchungulia ndani.

"Shemeji," alisema, "dume lako lipo?"