Mutheu na Magauni Aliyoshindwa Kukata

Ni saa mbili asubuhi katika mtaa uitwao Tena, jijini Nairobi, na Mutheu ameshika mkasi bila kukata.

Mbele yake, mezani, kimetandazwa kitambaa cha rangi ya damu ya mzee. Chaki imeshapita. Amefumba macho, kiganja juu ya kitambaa, anavuta pumzi, anaishusha.

"Mama Wanza, umesinzia?" anauliza Jacklyne, jirani anayeuza sukuma wiki kando ya kibanda cha Mutheu cha ushonaji.

"Napumua."

"Sisi wengine tunapumua tukifanya kazi."

Mutheu anatabasamu kidogo. Machozi yanamtoka, naye hayafuti.

Fundi huyu wa miaka arobaini na minne ameshona sare za shule kwa miaka kumi na tisa. Cherehani yake ni kuukuu kiasi kwamba wateja huapa ndiyo iliyoshona suruali za waliotandika reli, na kwamba ikianza kunguruma, kuku wa mtaa jirani wa Donholm hudhani kumekucha. Shule zikikaribia kufunguliwa, hupata hadi shilingi elfu moja na mia mbili kwa siku.

Mwezi Machi mwaka huu, bintiye wa pekee, Wanza, aliugua homa ya uti wa mgongo. Siku ya nne akafariki. Alikuwa na miaka kumi na moja.

Tangu hapo Mutheu hajashona gauni la msichana wa umri huo. Madogo anashona, makubwa anashona. Akina mama waliotaka kipimo kile aliwaambia kitambaa kimekwisha, nacho kiko nyuma yake wanakiona.

"Nilijiambia nisipokigusa kipimo hicho nitasahau," anasema. "Badala yake nikawa siwazi kingine. Hata usingizini nilikuwa nakikwepa."

Mwezi Juni, Jacklyne alimpeleka kwa Nabiswa, mshauri nasaha ambaye kila Jumatano huketi na waliofiwa katika ukumbi wa kanisa. Nabiswa hakumwambia ajikaze. Alimfundisha kutulia dakika kumi, kufuata pumzi, na kutambua huzuni inakaa wapi mwilini. Ikija, alisema, usipigane nayo. Ikaribishe kama mgeni.

Mutheu akalichukua neno hilo lilivyo. Kwao Kitui, mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Kesho yake alimimina vikombe viwili vya chai ya maziwa yenye tangawizi: kimoja chake, kingine akakiweka kwenye kiti cha wateja.

Wiki nzima mtaa haukulala. Ilisemekana amechumbiwa na mtu asiyeonekana. Habari zilipofika mtaa wa Mowlem, kikombe kilikuwa kinajinywa chenyewe.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakunywa," anakiri Jacklyne. "Chai ya tangawizi ipoe hivi hivi?"

Nabiswa aliposikia alicheka hadi akavua miwani. Kisha akamwambia: "Mama, mgeni huyu haandaliwi chai. Mwache akae, nawe uendelee na lile lililo muhimu kwako. Tena usimngoje aondoke. Huenda asiondoke."

"Hapo ndipo paliponiuma," anasema Mutheu. "Nilidhani napewa dawa ya kupona. Lakini nikakumbuka, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikasema basi, huyu atanishikia kitambaa."

Kazi yenyewe imefika wiki hii. Shule aliyosoma Wanza imeagiza magauni, na manane ni ya kipimo kile, ya wasichana wa darasa lake. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Mwalimu mkuu amesema asipoyapata yote, atatafuta fundi mwingine, na huyo ndiye atakayeshonea shule miaka ijayo.

Mutheu anafumbua macho. "Huzuni imekuja," anasema taratibu. "Iko hapa kifuani. Haya, nishikie kitambaa."

Anaingiza mkasi kwenye alama ya chaki na kukata, polepole, hadi ukingoni. Jacklyne, ambaye hakosi neno, anageuka kunyunyizia mboga maji.

Yamebaki saba.

Kwa kawaida mzigo hupelekwa na mtu wa boda. Safari hii Mutheu anataka kuupeleka mwenyewe, na kumwomba mwalimu awaite wasichana wavae mbele yake.

"Watatokea wanane. Wa tisa hatatokea," anasema. "Nitalia, hilo najua. Lakini hakosekani mmoja ambaye gauni litamzidi urefu, na lazima mtu apige magoti amkunjie pindo."