Nilivyosoma Matokeo ya Mkojo Wangu Mbele ya Wanafunzi

Mimi shule niliachia darasa la tatu. Nilibeba magunia ya kabichi soko la Karatina mpaka nikanunua lori, halafu shamba la chai hapa Tetu. Hakuna aliyenisaidia. Wazazi waliponichagua mwenyekiti wa shule yetu ya sekondari, sikushangaa.

Mgongo ndio ulilipiza yale magunia. Mke wangu alipokufa, maumivu yalizidi, na duka moja likaniuzia vidonge vyeupe. Kimoja asubuhi. Baadaye vitatu, vinne. Choo kubwa nilikosa wiki nzima. Nilisinzia na chakula mdomoni. Nikasema ni uzee. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kunibishia.

Shule ikaleta kipimo cha dawa za kulevya, cha hiari: mkojo kwenye kikopo. Wanafunzi hawakutaka. Msichana wa kidato cha tatu, Wangeci, akasimama, akaniita guka, yaani babu. "Guka, si wazee waanze?" Wakacheka wote.

Nikawaka. "Nitaanza mimi! Na matokeo yangu nitawasomea hapa hapa!"

Nyuma yangu walipanga foleni watoto wachache, wale wapole ambao hata harufu ya bangi hawaijui.

Siku ya matokeo nesi alifunga mlango, akauliza ninameza nini. Nikamwonyesha. "Mzee, hivi vidonge vinalevya, na mwili umeshavizoea. Hii ni siri yako. Hakuna atakayejua."

Ile karatasi ya matokeo nililala nayo siku mbili. Ningeichoma. Lakini nilikuwa nimetoa neno langu, na neno langu ndilo lilininunulia lori.

Nikawasomea, polepole, kidole chini ya kila neno. Wangeci akapasuka: "Ati guka ndiye ameshikwa!" Hata walimu walicheka.

Wazazi walichagua mwenyekiti mwingine. Simu yangu, iliyokuwa ikilia hata nikila, ikanyamaza. Kanisani benchi yangu ilibaki na nafasi.

Kwa kiburi nikamwaga vidonge vyote chooni. Kesho yake pua ilitiririka, tumbo likaharisha, ngozi ikawa kama ya kuku aliyenyonyolewa, miguu ikarusha mateke yenyewe. Nilichafua kitanda. Nikamwita marehemu mke wangu kwa jina. Aliyeitika ni ng'ombe, hajakamuliwa. Nilitambaa nikamkamua, kisha nikaenda hospitali Nyeri.

Daktari alikuwa rika la wajukuu wangu. "Mzee, hii haiachwi kwa nguvu za kubeba kabichi." Alinipunguzia dawa kidogo kidogo, miezi mingi, na kunifundisha kunyoosha mgongo. Nilipona.

Watu huniuliza kama hicho kipimo kinafaa. Mara ya kwanza kilishika mtu mmoja, mimi, na nilienda kwa kujigamba. Anayevuta hajipangi foleni akijua atachekwa.

Muhula uliopita kilirudi. Nikaenda tena, wa kwanza, ingawa hakuna aliyeniita. Nyuma yangu akasimama Wangeci, akanivuta koti.

"Guka, usiende ukaniacha. Yangu itatoka mbaya."

"Hata yangu ilitoka mbaya. Ingia."

Namshukuru Mungu, yule nesi, yule daktari, na ng'ombe wangu. Na wewe mzazi, usimpeleke mtoto kupimwa halafu umwache peke yake na karatasi.

Benchi ya nje ya mlango wa nesi ni ngumu kwa mgongo kama wangu. Niliikalia mpaka akatoka.