Kanga Aliyoikataa Somo

Mjini Durban ukiuliza Kidawa ni nani, hakuna atakayekujibu. Uliza Mama Dulla, hapo hata Wakongo wa maduka ya simu watakuelekeza: yule msusi wa saluni ya Ghislaine, mwanamke wa Tanga, mpole, ushungi haumtoki kichwani. Jina la mtoto ni stara, jamani. Kidawa alijifunika nalo tangu alipofika Afrika Kusini, na sababu alikuwa nayo.

Enzi za kanda za video, filamu zetu zilipokuwa bado zinatambaa, Kidawa alikuwa mwigizaji Dar es Salaam. Na si mwigizaji wa kukaa jikoni akilia! Aliigiza mke anayepigwa kofi uani, mbele ya majirani, ndio kwanza ametoka kuoga, kanga moja kifuani. Mke wa filamu za wakati ule alitakiwa ainame, aombe radhi. Huyu akaingia ndani, akamtupia mume nguo zake nje, akasimama mlangoni mabega wazi, akawaambia majirani wote: "Mwili ni wangu, aibu ni yenu!"

Loo! Mabanda ya video yalijaa mpaka watu wakaning'inia madirishani. Wanaume walipiga miluzi humo ndani, na walipotoka wakamwita malaya, wanaume wale wale. Wachapaji wakayatia maneno yake kwenye kanga, wakauza, naye hakuambulia hata kilemba. Baba yake kule Tanga akasema hana binti. Mama yake alipofariki, hakuna aliyemwambia. Kidawa alipata habari matanga yameshaanuliwa. Hapo ndipo aibu ilipomwingia mwilini, akaondoka nchini nayo.

Sasa kuna Atupele, binti wa Mbeya aliyefiwa na mama. Kusuka alifundishwa na Kidawa pale pale saluni. Alipochumbiwa na Ephraim, hakutafuta somo mwingine. "Mama Dulla, wewe ndiye utakayenifunda," alisema. Kidawa alilia kwa furaha, halafu akaogopa. Somo huwa mwanamke mwenye jina safi. Je, wakijua? Binti huyu atanitazamaje?

Kicheni pati ikafanyika Jumamosi alasiri, kwenye fleti ya Rhoda huko South Beach. Rhoda ndiye kiongozi wa kina mama wa Kitanzania, na nyumbani kwake mambo huenda kwa taratibu. Kanga zote za zawadi hutiwa kapuni. Moja moja hutolewa, wawili wanashika ncha, jina la kanga linasomwa, na somo anamfasiria bibi harusi. Mtoaji hatajwi mpaka somo amalize, maana binadamu tunajuana: akitajwa tajiri, kanga yake husifiwa kabla haijakunjuliwa.

Basi vigelegele vikapigwa, kanga zikatoka, Kidawa akafasiri mpaka wanawake wakavunjika mbavu. Mwanamke wa Tanga huyo, mtamwambia nini? Mara Rhoda akachomoa kanga kuukuu, iliyopauka, akasoma kwa sauti: "Mwili ni wangu, aibu ni yenu."

"Eish! Si maneno ya yule malaya wa filamu?" Rhoda akacheka. "Jina lake nani vile?"

"Mama Dulla, hiyo iko na maana gani?" Ghislaine akauliza. "Tuambie, maman."

Masikio ya Kidawa yakawaka moto. Aliona kila jicho limemjua, na wala hakuna hata mmoja aliyemjua. Akasema, tena kwa ukali: "Hii haina tafsiri. Hii ni kanga ya mwanamke asiye na adabu, na aliyeileta kwenye shughuli ya watu ndiye hana haya kabisa. Ikunjeni, wekeni kando."

Wanawake wakampigia makofi. Na yeye, Mungu amsamehe, akahisi nafuu.

Atupele alikuwa amekaa mkekani, kafunikwa gubigubi kama desturi. Akajifunua.

"Somo, hiyo ni ya mama yangu," alisema. "Nimeiweka kapuni mwenyewe. Baba alipomvunja mkono, Mama alinibeba mgongoni kwa kanga hiyo, tukatoka. Alikuwa akisema kuna dada kwenye video alimwonyesha kwamba mtu anaweza kutoka. Alitaka nifungwe nayo siku yangu." Hakuwa na hasira, ndiyo maana iliuma. "Sikujua kwamba haina adabu."

Kidawa aliona haya ambayo hajawahi kuiona maishani, hata siku baba yake alipomkana. Lile kofi la kwenye filamu lilikuwa la kuigiza. Hili alilompiga marehemu, mbele ya mwanawe, halikuwa la kuigiza. Akamnyang'anya Rhoda kanga, akavua ushungi.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?" Rhoda akauliza.

Kidawa akayasema yale maneno, kwa sauti ile ile ya mlangoni. Sauti haizeeki haraka kama uso. Rhoda akajishika mdomo.

"Kidawa! Kidawa wa video!" Kisha akakumbuka kwamba yeye ni kiongozi. "Basi hapa hatuna somo. Mwanamke wa namna hii hawezi kumfunda mtoto wa watu."

"Ndiye aliyemtoa mama yangu," Atupele alijibu. Akasimama, akainua mikono ili afungwe.

Kidawa akapiga magoti. Akamzungushia kanga, fundo likawa halishiki.

"Nimemtukana mama yako," alisema, bila kuthubutu kumtazama.

"Ndiyo, somo, umemtukana," Atupele akasema. "Funga vizuri isianguke. Halafu unifasirie."