Saa Zilizopotea za Ndege ya Kakuma

Watu wa Kakuma waliiita Ndege, ingawa haikuwahi kuruka. Ilikuwa mashine ya umeme yenye injini kama ya ndege, imefungiwa ndani ya kontena la chuma, na ilikunywa mafuta yaleyale yanayotiwa ndege. Ilipelekwa kwanza Lokichoggio, enzi zile ndege za misaada zikitua na kupaa kutwa nzima. Ndege hizo zilipopungua, shirika lililoimiliki likaipakia kwenye lori na kuileta Kakuma isukume pampu za visima. Kila asubuhi ilianza kwa mluzi mwembamba uliopanda hadi meno yakauma, ikanguruma mchana kutwa, ikazimwa magharibi.

Februari 2013, Nakeno Lokwang aliitwa kutoka Lodwar kuja kutafuta umri wa mashine hiyo.

Nakeno alizaliwa Nakalale, kwenye boma la mbuzi, akasomeshwa na masista, akasomea umeme Eldoret. Alirudi Lodwar na kukodi chumba nyuma ya soko, akawa anatengeneza friji, vifaa vya sola na, kazi hiyo ilipopatikana, kadi za kielektroniki zinazoongoza majenereta. Si mtu wa maneno mengi. Wateja wake husema akishashika bisibisi, salamu hungoja.

Kazi ya Kakuma ilikuwa rahisi kuieleza. Ndani ya injini ya aina ile kuna gurudumu la chuma lenye mapanga pembeni, linalozunguka kwa kasi ndani ya moto. Umri wake hauhesabiwi kwa miaka bali kwa saa za kazi. Likifika saa elfu thelathini ni sharti litolewe. Likizidi hapo, linaweza kupata ufa usioonekana kwa macho, na likipasuka hakuna kontena la kulizuia. Vipande havirushwi mbele wala nyuma. Huruka ubavuni.

Ubavuni mwa Ndege ndiko kulikokuwa na mabomba ya maji. Alasiri kivuli cha kontena kiliangukia upande huohuo, na akina mama walipanga madumu yao na kuketi humo, migongo ikiegemea chuma chenye joto.

Kioo cha kabati la kuongozea mashine kilionyesha saa elfu sita tu. Nakeno hakuhitaji muda kujua kwamba ule ni uongo. Kumbukumbu ya kabati ilitegemea betri ndogo, na joto la Kakuma lilikuwa limeua betri kadhaa. Kila iliyokufa ilikwenda na hesabu yake, na kesho yake mashine ikaanza upya kama mtoto mchanga. Kihesabu cha zamani cha vigurudumu vya namba kilikuwa kimekwama kwa vumbi. Kitu kimoja tu hakikutegemea betri: mita ya mafuta, iliyofungwa kwenye bomba tangu Lokichoggio. Hiyo ilihesabu galoni hadi ijae tisa tupu, kisha ikarudi sifuri. Kwa mafuta ambayo Ndege ilikunywa, mzunguko mmoja ulikuwa kazi ya saa elfu nane na ushee. Siku ile mita ilisimama theluthi moja ya mzunguko.

Likabaki swali la mizunguko iliyotangulia. Ikiwa ni miwili, Ndege ilikuwa salama. Ikiwa mitatu, ilikuwa imebakisha kidogo. Ikiwa minne, akina mama pale kivulini walikuwa wameegemea kaburi.

Mwaka uliopita fundi mmoja kutoka Nairobi, Mike, alimuuliza mwendesha mashine swali hilohilo. Mwendesha mashine, mzee Erupe, ndiye aliyekuja na Ndege kutoka Lokichoggio na hakuwahi kuiacha. Alimjibu Mike, "Ni kidogo tu." Mike akarudi na kuripoti mzunguko mmoja, au pengine miwili.

Nakeno alilitambua jibu hilo. Baba yake alijibu vivyo hivyo kila ofisa alipomuuliza ana mbuzi wangapi, awe na kumi au mia nne. Mali inayokulisha haitajwi idadi. Ukiitaja, unaionyesha kwa kinachokuja kuichukua.

Alimkuta Erupe kwenye kigoda chake, upande wa bomba, akiosha kikombe.

"Ejok, apa," alimsalimia Kiturkana, kama mtu amwitavyo baba.

"Ejok-noi. Wewe ndio fundi? Mimi nilifikiri wataleta mzungu."

"Walikosa. Wamekuletea msichana wa Nakalale."

Erupe akacheka. "Nakalale! Huko mnaiba ngamia mpaka ya shemeji."

"Za shemeji ndizo tamu." Aliketi chini. Chuma kilitetemeka mgongoni mwake. "Apa, ile mita ya mafuta huwa inarudi sifuri."

Cheko likaisha. "Hiyo ni kidogo tu."

"Sikuulizi ni ngapi. Niambie moja moja, vile zinatoka bomani asubuhi. Ya mbele ilikuwa ya rangi gani?"

Mzee alikung'uta maji kikombeni. Kisha akaweka kikombe chini na kuanza, kwa sauti ya mtu anayeita wanyama wake.

"Ya mbele ni ya Loki, kabla tuletwe huku. Ndege zilikuwa mingi kama kunguru. Rubani mmoja alinipea kofia siku hiyo, nikaona sifuri zote zimejipanga, nikashtuka, nikafikiri nimeharibu mita."

"Hiyo nimeiona ikipita," alisema Nakeno, akikunja kidole kimoja.

"Ingine ni ya hapa Kakuma. Ule mwaka watu walipigania kura, walimu wa kutoka chini, huko Eldoret, wakaogopa kurudi kwao. Walikuwa wanalala ofisini."

"Hiyo pia."

"Ingine yenye maji. Mto Tarach ulijaa, ukabeba mbuzi yangu, hata ile nyeupe ya mama watoto. Nilikuja kazini nguo zikiwa maji, nikakuta sifuri."

Nakeno alikunja kidole cha tatu. Erupe alimimina chai, akapuliza, akanywa. Juu yao ngurumo haikubadilika. Akina mama wawili waligombania nafasi kwenye bomba. Nakeno alikuwa tayari amefanya hesabu ya mitatu na theluthi, na ilitosha: chini kidogo ya elfu thelathini. Alianza kuinuka.

"Na ile ndogo ya mwisho," alisema Erupe. "Ya mwaka jana. Redio ilikuwa inaimba mafuta, mafuta, mafuta imepatikana Lokichar. Nikasema, tazama, na Ndege pia imesikia."

Nakeno akaketi tena. Elfu thelathini na sita. Gurudumu lilikuwa limeupita umri wake kwa muda mrefu, na lilikuwa likizunguka wakati huo, kwenye usawa wa shingo yake.

Alifanya kwanza lililokuwa rahisi. Aliwaomba akina mama wahamie upande wa mbele, juani. Walihama wakinung'unika, na alipogeuka kwenda kupiga simu, walikuwa wamerudi kivulini.

Aliyepigiwa ni Ochola, meneja wa mradi, aliyekaa Lodwar. Nakeno alimweleza hesabu yote.

"Madam, unaniambia nizime maji ya watu kwa sababu ya mbuzi nyeupe ya mzee?"

"Kwa sababu ya mizunguko minne, bosi."

"Kioo kinasema elfu sita. Mike alisema mzunguko mmoja. Matangi ni matupu, uchaguzi ni mwezi ujao, hakuna mtu Nairobi atasaini mashine nyingine leo wala kesho. Imefanya kazi mwaka mzima ikiwa hivyo. Iendelee mpaka Aprili."

"Na ikipasuka kesho?"

"Na isipopasuka?"

Nakeno alikata simu. Hakuna kifaa Turkana nzima ambacho kingeweza kumwonyesha ufa, na kuifungua injini kulihitaji winchi iliyokuwa mbali mno. Alikuwa na namba tu.

Alirudi ndani ya kontena. Erupe alimfuata, akaona mkono wake ulikokuwa ukielekea, na hakumzuia.

"Mimi nilikuwa nakaa hapo ubavuni kila siku," alisema, kama mtu anayeuliza.

"Najua, apa."

Nakeno alibonyeza kitufe chekundu. Ngurumo ikashuka, ikawa mluzi, na mluzi ukafifia polepole. Mwishoni kabisa, gurudumu likiwa karibu kusimama, wote wawili walisikia mguso: chuma kikigusa chuma, kikaacha, kikagusa tena. Inaweza kuwa beringi iliyochakaa. Inaweza kuwa jambo jingine. Nakeno aliandika saa elfu thelathini na sita ndani ya kumbukumbu ya kabati, na kabati, lililotengenezwa kutii namba yake, likakataa kuwashwa tena. Ochola alipompigia Mike aje arudishe namba ya zamani, Mike alisikiliza hesabu ya mizunguko na kukata simu.

Nje, maji yalidondoka, yakakoma. Akina mama walichukua madumu na kuteremka Tarach, mto uliokuwa mchanga mtupu, wakachimba. Mwezi wa Machi zahanati ilijaa watoto wa kuhara. Mmoja wao hakupona.

Ndege bado haijafunguliwa. Kontena limesimama palepale, kufuli mlangoni, na hakuna ajuaye kama gurudumu lilikuwa limebakiza siku moja au miaka kumi. Nakeno hupita Kakuma kila kazi inapomwita. Mara ya mwisho alikutana na Akuwam, mmoja wa wale akina mama, akitoka mtoni na ndoo kichwani. Mtoto aliyekufa alikuwa wa dada yake.

"Fundi," Akuwam alimwita. "Wanasema ulituokoa."

Nakeno alisimama.

"Ulituokoa na nini?" Akuwam aliuliza. "Nionyeshe, na mimi nione."

Akuwam alisubiri kiasi cha adabu, ndoo ikiwa imetulia kichwani, kisha akaenda zake.